Mtakatifu Efrem wa Siria: Mkimbizi Aliyeugeuza Uchungu wa Vita Kuwa Wimbo wa Imani

Kila mwaka, tarehe 9 Juni, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Efrem wa Siria, Shemasi na Mwalimu wa Kanisa. Katika parokia zetu nyingi kumbukumbu hii hupita kimya kimya. Jina lake hutajwa katika Misa ya asubuhi, kisha kila mmoja wetu huenda zake shambani, sokoni au kazini. Waamini wanaomfahamu humjua zaidi kwa lile jina la heshima alilopewa na mapokeo, yaani Kinubi cha Roho Mtakatifu, na kwa hiyo humdhania mtu aliyeketi mahali patulivu akitunga nyimbo tamu.

Maisha yake yalikuwa mbali sana na utulivu huo. Efrem alitunga nyimbo ndani ya mji uliozingirwa na majeshi mara tatu. Alipokaribia umri wa miaka 60 aliondolewa katika mji huo pamoja na watu wake wote, akaishi ugenini miaka 10 iliyobaki, akafa akiwahudumia wenye njaa. Tunapenda kuyasimulia maisha yake kwa urefu kidogo, kwa kuwa swali alilolibeba moyoni ni swali la watu wengi wa kanda yetu: mtu aliyeona vita na kupoteza kwao, afanye nini na kumbukumbu yake?

Mji wa mpakani

Efrem alizaliwa yapata mwaka 306 katika mji wa Nisibi, au karibu nao, katika Mesopotamia ya kaskazini. Mji huo leo unaitwa Nusaybin, nao upo Uturuki, mpakani kabisa na Siria. Hata zama zile ulikuwa mji wa mpakani: upande wa magharibi palikuwa na Dola la Roma, upande wa mashariki ufalme wa Uajemi. Misafara ya biashara ilipita hapo, na majeshi pia.

Lugha yake ilikuwa Kisiria, ambacho ni lahaja ya Kiaramu, jamii ya lugha aliyoizungumza Bwana wetu Yesu Kristo na Mama yake Bikira Maria. Masimulizi ya baadaye yanadai kwamba baba yake alikuwa kuhani wa miungu, lakini katika tungo zake Efrem mwenyewe anaonesha kwamba alilelewa tangu utoto katika njia ya kweli. Alikua chini ya malezi ya Askofu Yakobo wa Nisibi, mmoja wa maaskofu walioshiriki Mtaguso wa kwanza wa Nikea mwaka 325, ule uliotupatia kiini cha Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Dominika.

Efrem hakuoa, wala hakukimbilia jangwani. Katika Kanisa la Wasiria walikuwako wanaume na wanawake waliojiweka wakfu kwa Mungu katika useja huku wakiishi kati ya watu mjini na kulitumikia Kanisa mahalia. Waliitwa Wana wa Agano na Mabinti wa Agano. Efrem alikuwa mmoja wao. Alipewa daraja ya ushemasi, naye akabaki shemasi hadi kufa. Kazi yake ilikuwa kufundisha, kufafanua Maandiko Matakatifu na kutunga nyimbo za ibada.

Kuta zilizotikiswa mara tatu

Mfalme Shapur wa Pili wa Uajemi aliutaka mji wa Nisibi. Aliuzingira mwaka 338, akarudi mwaka 346, akarudi tena mwaka 350. Mara zote tatu alishindwa kuuteka. Askofu Yakobo alifariki wakati wa kuzingirwa kwa kwanza, akazikwa ndani ya kuta. Efrem aliimba kwamba mwili wa mchungaji huyo ukawa ngome ya mji aliouombea akiwa hai.

Kuzingirwa kwa mwaka 350 ndiko kulikoacha alama kubwa katika tungo zake. Waajemi waliyazuia maji ya mto unaopita hapo, kisha wakayaelekeza mjini. Maji yakaupiga ukuta, na sehemu yake ikaanguka. Wakazi walisimama kwenye ufa wakipigana, na wengine wakaujenga ukuta upya kabla adui hajapata nafasi ya kuingia. Hatimaye jeshi la Uajemi likaondoka.

Efrem aliliweka tukio hilo katika wimbo. Katika wimbo huo mji wenyewe unazungumza. Unajilinganisha na safina ya Nuhu, kwa kuwa umezungukwa na mafuriko pande zote, na tena unalia kama mama anayewahesabu watoto wake na kukuta wengine hawapo. Tuangalie anachofanya mtunzi hapa. Haufichi msiba, maana majeruhi na waliofiwa wamo humo, na hofu imo. Lakini anautia msiba huo ndani ya historia ya wokovu, ili mjane wa Nisibi ajue kwamba Mungu aliyemkumbuka Nuhu juu ya maji anamwona na yeye.

Aliwaimbia pia maaskofu waliofuatana katika mji huo. Yakobo, asema, aliulea mji ukiwa mchanga, Babu akauongoza katika ujana, na Vologeses akaufundisha ulipokomaa. Katika siku za Askofu Vologeses palijengwa nyumba ya Ubatizo yenye maandishi ya mwaka 359 ukutani. Jengo hilo la mawe bado limesimama huko Nusaybin. Efrem aliliona likiwa jipya. Miaka minne baadaye ilimlazimu kuliacha.

Siku tatu za kuhama

Mwaka 363 Kaisari Juliani aliongoza jeshi kubwa kuivamia Uajemi. Juliani alikuwa amebatizwa, lakini aliiacha imani na kuirudisha ibada ya miungu katika dola lake, ndiyo maana historia humwita Mwasi. Alijeruhiwa vitani na akafa. Joviani, aliyetawazwa kushika nafasi yake, alikuwa na jeshi lililochoka na kuishiwa chakula katikati ya nchi ya adui. Akakubali mapatano ya amani ya miaka 30, na miongoni mwa masharti yake ni kuukabidhi mji wa Nisibi kwa Waajemi bila wakazi wake. Mji ambao haukuanguka mara tatu kwa silaha ukatolewa kwa kalamu.

Ammianus Marcellinus, askari aliyekuwa katika jeshi hilo na ambaye hakuwa Mkristo, ameacha maelezo ya siku zile. Wakazi walimnyoshea Kaisari mikono wakimsihi awaruhusu kuulinda mji peke yao, bila msaada wa dola. Akakataa, akisema amekwisha kuapa. Wakapewa siku tatu kuondoka. Barabara zikajaa watu waliobeba walichoweza, na vyombo vya thamani vikaachwa majumbani kwa kukosa wanyama wa kuvibeba. Kina mama walilia kwenye milango ya nyumba walizozalia, na wengine wakayakumbatia makaburi ya wapendwa wao.

Efrem alikuwako. Katika tungo zake anasimulia kwamba aliiona bendera ya Uajemi ikipepea juu ya mnara wa mji, na nje ya kuta aliiona maiti ya Juliani ilipokuwa ikipitishwa kupelekwa kuzikwa.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote, kwa maana watakatifu hawahitaji kupambwa kwa uongo. Tungo alizomwandikia Juliani ni kali, na baadhi ya maneno yake dhidi ya Wayahudi yana ukali ambao Kanisa leo haliuchukui kuwa mfano, hasa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa tamko la Nostra Aetate mwaka 1965. Alikuwa mtu wa zama zake, na jeraha lake lilikuwa bado bichi. Hata hivyo, katika tungo hizo hizo kuna jambo la kushangaza. Efrem anakiri kwamba mtawala wa Uajemi alipoingia mjini aliziangusha altare za miungu, lakini nyumba ya Mungu aliiheshimu. Mtu aliyefukuzwa kwake anamshuhudia adui yake kwa haki. Tena anawageukia watu wake mwenyewe na kuwataka wajichunguze, kwa kuwa wapo walioishangilia ibada ya sanamu ilipopewa nafasi mjini. Mkimbizi anayeweza kumtendea haki adui yake na kuzikiri dhambi za kwao amekwisha kuivuka nusu ya safari ya uponyaji.

Darasa la nyimbo ugenini

Efrem na wakimbizi wenzake walielekea magharibi. Hatimaye alifika Edessa, mji unaoitwa leo Şanlıurfa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Nisibi. Edessa ulikuwa mji mkubwa na maarufu, wenye mapokeo ya kale ya Ukristo. Lakini alikuta vurugu ya mafundisho. Walikuwako wafuasi wa Marcion, wafuasi wa Mani na wafuasi wa Ario waliokana Umungu wa Mwana. Walikuwako pia wafuasi wa Bardaisan, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 222, ambaye mafundisho yake yalikuwa yamesambazwa kwa nyimbo. Watu waliyaimba bila kupima maana yake, kwa sababu sauti zake zilikuwa nzuri.

Mgeni huyu mzee hakuwa na cheo wala mali mjini humo. Alikuwa na Maandiko kichwani na utunzi kinywani. Akaona kwamba fundisho lililoingia kwa wimbo halitatoka kwa hotuba, basi akatunga nyimbo zake.

Wapenzi wa ushairi wetu watafurahi kujua jinsi tungo hizo zilivyojengwa. Washairi wa Kisiria walihesabu mizani, kama wanavyofanya watunzi wa tenzi na mashairi ya Kiswahili. Aina moja ya tungo zake ni mahubiri yenye mistari ya mizani saba kwa saba. Aina nyingine, aliyoipenda zaidi, huitwa madrasha. Neno hilo lina undugu na neno letu darasa, nalo linaeleza vema kusudi lake: ni wimbo wa kufundishia. Mwimbaji mmoja huimba beti, na baada ya kila ubeti kwaya huitikia kwa kiitikio kifupi kinachoshikika upesi. Mtu asiyejua kusoma alitoka kanisani akiwa na fundisho la Utatu Mtakatifu au la Umwilisho limetulia moyoni mwake.

Waimbaji wake walikuwa wanawake. Yakobo wa Serugi, mshairi na askofu aliyefariki mwaka 521, alimsifu Efrem kwa sababu hiyo hasa: aliwafundisha wanawake kuimba hadharani katika Kanisa, mahali ambapo walikuwa wamezoea kunyamaza. Efrem aliwakumbusha kwamba kinywa cha Hawa kilichofungwa kimefunguliwa na Maria, na kwamba kwa kuwa wanashiriki Ubatizo mmoja na kikombe kimoja na ndugu zao, basi na sifa waziimbe pamoja. Kina mama wanaosimama katika kwaya zetu kila Dominika wana babu wa kujivunia.

Juu ya Maria mwenyewe Efrem aliimba kwa namna ambayo Kanisa limeikumbuka daima. Katika mkusanyiko wa nyimbo zinazoitwa Nyimbo za Nisibi, alimsifu Mama wa Bwana kuwa hana doa lolote, karne nyingi kabla ya tangazo la mwaka 1854 kuhusu Kukingiwa Dhambi ya Asili.

Mkusanyiko huo una nyimbo 77, ingawa chache zimepotea. Nyimbo za mwanzo zinahusu kuzingirwa kwa Nisibi, maaskofu wake, na shida za makanisa ya jirani. Kisha, kuanzia wimbo wa 35 hadi mwisho, mada inabadilika: tunashuka kuzimu pamoja na Kristo. Mauti na Shetani wanabishana, Mauti inajigamba kwamba haijawahi kushindwa na mtu, halafu Msulubiwa anafika, na malango ambayo hayakuwahi kufunguliwa yanavunjika. Anayesoma mkusanyiko wote kwa mfululizo huanza na ukuta wa mji uliobomolewa na adui, na humaliza na malango ya kuzimu yaliyobomolewa na Mwokozi. Humo ndimo Efrem alimoiweka kumbukumbu yake ya vita. Hakuisahau wala hakuifanya chakula cha kisasi. Aliileta mbele ya Fumbo la Pasaka akaiacha hapo.

Vitanda vya mwisho

Yapata mwaka 372 njaa kubwa iliingia Edessa. Palladius, aliyeandika habari za watawa wa kale, anasimulia kwamba Efrem alitoka katika chumba chake cha sala, akawaendea matajiri wa mji na kuwakemea, kwa kuwa ngano ilikuwa ikiharibika katika ghala zao huku watu wakifa njiani. Wakajitetea kwamba hawana mtu mwaminifu wa kumkabidhi msaada, maana kila mmoja anafanya biashara. Akawauliza wanamwonaje yeye. Wakakiri kwamba ni mtu wa Mungu. Akawataka wamkabidhi.

Kwa fedha walizotoa alizigawa baraza za mji na kuweka vitanda yapata 300. Wenye njaa wakalishwa, wagonjwa wakauguzwa, waliokufa wakazikwa, na wageni waliokuwa wakimiminika kutoka mashambani wakapata mahali pa kulala. Kazi ikaendelea hadi mavuno mema yaliporudi na watu wakaenda makwao. Ndipo Efrem aliporejea chumbani mwake, na baada ya mwezi mmoja akafariki. Ilikuwa tarehe 9 Juni 373.

Upo wosia wenye jina lake, ambao wataalamu wanakubali kwamba una maneno yaliyoongezwa na wengine baadaye. Humo anaomba asizikwe katika makaburi ya heshima, bali alazwe pamoja na wageni na maskini, kwa kuwa yeye naye ni mgeni. Hata kama si kila neno la wosia huo ni lake, waliomkumbuka walijua wazi alikuwa upande gani.

Urithi uliosafiri

Mwaka 392, miaka 19 tu baada ya kifo chake, Mtakatifu Jeromu aliandika kwamba katika makanisa fulani maandishi ya shemasi huyu husomwa baada ya Maandiko Matakatifu. Tarehe 5 Oktoba 1920 Papa Benedikto wa XV alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, kufuatia maombi ya mapatriaki wa Mashariki. Wakati huo Wakristo wa Kisiria walikuwa bado wanawalilia wapendwa wao waliouawa kwa wingi tangu mwaka 1915 katika maeneo hayo hayo aliyoishi Efrem. Mwaka 1924 Wakristo wa Kisiria waliokuwa wamebaki katika mji wake wa Edessa waliuhama, wakaenda Aleppo huko Siria, wakiwa na namna yao ya kuimba nyimbo za kale. Katika miaka yetu vita vimewafikia tena huko. Na mwezi Agosti 2014 maelfu ya Wakatoliki wa Kisiria wa mji wa Qaraqosh nchini Iraki walikimbia usiku mmoja, wakiacha nyumba na makanisa yao.

Nyimbo za mkimbizi wa mwaka 363 zimebebwa na wakimbizi wa kila kizazi. Walipokosa nafasi ya kubeba vyombo, walibeba sala na nyimbo walizozijua kwa moyo.

Sisi tujifunze nini?

Hatuhitaji kwenda Mesopotamia kuyaelewa haya. Kambi ya Kakuma nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1992, na ile ya Nyarugusu mkoani Kigoma mwaka 1996. Wapo watu waliozaliwa humo, wakakua na kupata watoto humo humo. Katika parokia zetu wapo waamini wenzetu waliotoka Burundi, Kongo, Rwanda na Sudan Kusini, wengine wakiwa na kumbukumbu ambazo hawajamsimulia mtu yeyote.

Efrem anatufundisha kwanza kwamba kumbukumbu hizo zina haki ya kupata mahali kanisani. Mtu aliyeona vita asiambiwe asahau upesi ili tusisumbuke. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe mahali ambapo ndugu huyo anaweza kusema, kuimba kwa lugha ya kwao, na kuwaombea marehemu wake kwa majina. Pili, anatufundisha kwamba kumbukumbu isiyoletwa mbele ya Mungu huchacha ikawa chuki, na watoto huirithi chuki hiyo pamoja na majina ya koo zao. Tumeona katika kanda yetu nyimbo zikitumiwa kuchochea mauaji. Mtunzi na kwaya wana dhamana kubwa kuliko wanavyodhani.

Tatu, mgeni aliyepokewa Edessa ndiye aliyekuja kuulisha mji siku ya njaa. Tunapomwona mkimbizi tumezoea kuuliza atatugharimu kiasi gani. Edessa ulipokea mzee mmoja aliyepoteza kila kitu, na kwa mikono yake Mungu akautunza mji mzima. Na anayejiona mgeni leo, mbali na kwao, akumbuke kwamba ugeni haujamwondolea wito wa kutumikia.

Tarehe 9 Juni ikifika, tumwombe shemasi huyu mtakatifu azilinde kwaya zetu, awafariji walio kambini, na atupatie moyo wa kufungua ghala zetu kabla ngano haijaharibika.

Mtakatifu Efrem, Kinubi cha Roho Mtakatifu, utuombee.